Mwanamke Aliyejichora

Kwa karne nyingi katika sanaa ya Ulaya, mwanamke aliye uchi alichorwa na mwanamume, na mara nyingi picha hiyo ilinunuliwa na mwanamume. Mwanamke huyo aliitwa Zuhura au Hawa. Jina lake mwenyewe halikutajwa. Alitazamwa, wala hakuulizwa anajionaje.

Tarehe 25 Mei 1906, mjini Paris, mchoraji Mjerumani Paula Modersohn-Becker alijichora uchi hadi kiunoni. Nyonga amezifunika kwa nguo nyeupe, na shingoni ana mkufu wa kaharabu. Mkono mmoja uko juu ya tumbo na mwingine chini yake, kama afanyavyo mja mzito. Hakujilaza kitandani ili apendeze. Amesimama, na macho yake yanatutazama. Kwenye picha aliandika kwamba aliichora akiwa na umri wa miaka 30, katika siku yake ya 6 ya kumbukumbu ya ndoa. Kisha akatia herufi mbili tu: P.B. Herufi ya jina la mume haimo.

Lakini Paula hakuwa na mimba. Miezi michache kabla alikuwa amemwacha mumewe, Otto Modersohn, kijijini Worpswede, akaenda Paris kuchora. Basi tumbo lile lina maana gani? Wako wasemao ni hamu ya mtoto. Sisi, tukiliweka tumbo pamoja na tarehe na herufi zile, twaona zaidi ya hayo: mwanamke anajitambua kuwa ana uwezo wa kuumba, na kilichomo tumboni ni kazi yake. Uanamke hapa si pambo la macho ya mwingine.

Baadaye walipatana. Tarehe 2 Novemba 1907 Paula alijifungua binti. Tarehe 20 mwezi huo huo akafariki, akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka 1927 ilifunguliwa mjini Bremen nyumba ya makumbusho ya kazi zake, ya kwanza duniani kujengwa kwa heshima ya mchoraji mwanamke.

Wahenga wetu walinena: mficha uchi hazai. Kwa hiyo tuwafundishapo vijana kusoma picha, tusiishie kwenye swali la aibu. Tuwaulize pia: ni nani anayetazama, ni nani anayetazamwa, na brashi imo mkononi mwa nani?