Darasa la Mwisenge na Azimio la Musoma

Wageni wanaokuja kwetu kwa ajili ya Mwalimu Nyerere hupitiliza hadi Butiama: Mwitongo, kaburi, makumbusho. Wana haki. Lakini mgeni akinifikia hapa Buhare, namwomba tupite kwanza Shule ya Msingi Mwisenge.

Hapo ndipo Mwalimu, wakati huo akiitwa Kambarage, mtoto wa Chifu Burito, alipoandikishwa mwaka 1934, tayari ana miaka 12. Wazee husimulia kuwa Chifu Makongoro wa Ikizu alimwona akicheza orusoro, bao la kwetu, akamsihi baba yake ampeleke shule. Kutoka Butiama ni zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo alilala bwenini. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na 1937 akaingia Tabora. Akiwa Mwisenge ndipo alipoanza kwenda misheni ya Nyegina, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1911, kujifunza dini. Ubatizo ulikuja baadaye, 1943, akaitwa Julius.

Miaka 40 baada ya kuandikishwa kwake, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji wetu huuhuu wa Musoma na kupitisha Azimio la Musoma: kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mpango wa awali ulisema 1989. Siwezi kulitazama Azimio hilo bila kumfikiria yule kijana aliyeanza shule akiwa na miaka 12.

Walimu wangetoka wapi? Tulichukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Nusu ya siku tunafundisha, nusu tunafundishwa, na jioni tunasikiliza masomo ya ualimu redioni. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, na watoto wa wavuvi wamekaa wadogo kwa wakubwa, wengine wakinikaribia kwa umri. Walituita walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na wapo waliolitamka jina hilo kwa dharau. Mimi ninalibeba kwa fahari mpaka leo. Wale watoto walijua kusoma.

Basi mgeni wangu akishasimama katika darasa la Mwisenge namsimulia na Azimio, mpaka agizo lake la kufungua milango ya chuo kikuu kwa watu waliokwisha kufanya kazi. Ndipo namwacha aende Butiama.