Dhahabu ya Geita na Khanga Iliyokunjwa

Dhahabu ya Geita ina historia mbili. Ya kwanza ni ya wanadamu: mgodi wa zama za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa leo ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka uliofuata ukafunguliwa wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ambako watu huchimba chini kabisa ya ardhi. Historia ya pili ni ya mbinguni, kwani dhahabu ni kongwe kuliko dunia yenyewe.

Tarehe 17 Agosti 2017 wanaanga walilishuhudia tanuri mojawapo la madini hayo. Nyota mbili za nyutroni ziligongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Yalitangulia mawimbi ya mvutano; sekunde 1.7 baadaye ikafika miale ya gama. Kisha ukaja mwanga wenye alama za elementi nzito, jamaa za dhahabu.

Mgongano huo ukawa pia shahidi katika kesi ya zamani. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona kuwa galaksi za kundi la Coma zinakwenda mbio mno kwa uzito unaoonekana. Leo yakadiriwa kuwa mata ya giza, isiyotoa nuru, ni takriban mara 5 ya mata ya kawaida. Ni kitu gani? Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos, Gia Dvali na wenzao walitoa wazo: huenda ulimwengu umekunjwa, mfano wa khanga sandukuni, ndani ya dimensheni zinazozidi urefu, upana na kimo. Nuru hufuata uzi wa kitambaa. Mvutano hupenya kutoka kunjo hadi kunjo. Nyota za kunjo la jirani zingevuta bila ya kuonekana.

Mvutano ukivujia kwingine, mawimbi yake hufika yamefifia. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha umbali uliopimwa kwa mawimbi na ule uliopimwa kwa nuru. Haukuonekana uvujaji wowote. Hata hivyo, dimensheni ndogo kuliko milimita, ambamo khanga hiyo yadhaniwa kukunjwa, hazifikiwi na kipimo hicho.

Kesi haijaamuliwa. Huko Marekani, katika uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, chombo kingali chaisubiri chembe ya mata ya giza kina cha kilomita moja na nusu. Mchimbaji wa Geita angeuelewa ungojaji huo: mng'ao humpa matumaini, lakini neno la mwisho ni la mizani.