Kidole Kwanza, Sheria Baadaye

Katika bloku yetu hapa Kakuma, karibu kila mtu amezaliwa Januari 1. Mama yangu, jirani yetu fundi cherehani, mzee Mrundi anayeuza mkaa, wote. Si kwamba Januari ni mwezi wa baraka. Mtu anafika hana karatasi, anaulizwa tarehe ya kuzaliwa, anasema "mwaka wa mvua kubwa," na yule wa kompyuta lazima ajaze tarehe ndipo aende mbele. Basi anaweka moja ya mwezi wa kwanza.

Mama yangu ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Alipoulizwa alijibu: "Miye nilizaliwa mbele kidogo ya vita ya Mulele." Mtu wa Fizi angeelewa palepale. Vita ile ilifika kwetu 1964, kwa hiyo mama ni wa 1962 au 1963. Lakini aliyekuwa anaandika hakuwa mtu wa Fizi. Akaandika 1973. Kwa miaka hiyo kumi, mama akakosa kuingia katika orodha ya wazee ya ofisi moja hapa kambini. Anatembea na fimbo, lakini kompyuta inasema bado hajazeeka. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, ile karatasi inanijua kuliko miye?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya vitambulisho katika nchi hii iliyotupokea. Nilichokikuta ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100 kidole kimekuwa kikichukuliwa kwanza, na sheria ya kumlinda mwenye kidole inakuja baadaye, tena kwa mafungu, kama mgao.

Tuanze na kipande. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na habari za waajiri wake: ameanza kazi lini, analipwa kiasi gani, ameachishwa lini. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, watu wakakivaa shingoni kwa kamba. Ukikamatwa bila kipande, ni faini au jela. Na mwajiri asipotia saini kwamba amekuachia, hupati kazi kwingine. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku mwaka 1921. Mwaka uliofuata alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Ni mwaka 1947 tu ndipo ikaja sheria mpya iliyokusudiwa kuandikisha watu wa rangi zote. Wanawake wao walisubiri mpaka 1978.

Kipande hakikuwekwa ili kumtambua mtu apate huduma. Kiliwekwa ili mtu asitoroke kazi.

Majirani zetu Wanyarwanda wana habari nzito zaidi. Wabelgiji waliandika kabila kwenye kadi za watu miaka ya 1930. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, waliosimamishwa waliambiwa watoe kadi hizo, na neno moja lililoandikwa pale likaamua nani apite na nani afe. Kwa hiyo mkimbizi wa Maziwa Makuu akisita kabla ya kuweka kidole, tafadhali msimwone mshamba. Ana sababu.

Sasa tuje kwetu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na kwa miaka mingi chakula kilichukuliwa kwa kadi ya karatasi. Mwaka 2013 alama za vidole zikaanza kutumika kwenye ugawaji wa chakula, Kakuma na Dadaab. Mwaka 2015 ikaja Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikahamia kwenye simu. Mwaka huohuo UNHCR ilitoa sera yake ya kulinda taarifa za watu inaowahudumia. Lakini sheria ya nchi ya kulinda data bado haikuwepo. Hesabu mwenyewe: tulianza kupiga kidole ili tule 2013, sheria ikaja 2019. Miaka sita.

Na kidole kikishaingia hakitoki kirahisi. Waulize Wakenya wa Garissa. Wakati wa ukame na shida, maelfu yao walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, waliandikishwa na wazazi. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole zikaonyesha "mkimbizi," wakanyimwa. Bila kitambulisho huna laini ya simu, huna akaunti ya benki, huna kazi ya maana. Kidole kilichotolewa kwa ajili ya unga kikageuka kuwa uraia uliopotea.

Sheria yenyewe ilikuja kwa mvutano. Mwishoni mwa 2018 Kenya ilibadilisha sheria ya kuandikisha watu ili kuanzisha mfumo mmoja wa taifa, ambao wananchi waliujua kama Huduma Namba. Sheria iliruhusu hata kuchukua DNA na kuonyesha mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Wanubi, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kama askari kutoka Sudan, walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Wao walijua shida ya kuhojiwa miaka nenda rudi kabla ya kupewa kitambulisho, wakaogopa kwamba asiye na karatasi leo atafungiwa nje kabisa kesho. Aprili 2019 mahakama ikasema uandikishaji uendelee lakini mtu asilazimishwe, na DNA isichukuliwe. Mamilioni wakaandikishwa mwaka huo. Ni Novemba 2019 tu ndipo rais akatia saini Sheria ya Kulinda Data. Januari 30, 2020, majaji watatu wakaamua kwamba DNA na kipimo cha mahali ni kinyume cha katiba, na kwamba mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni kamili.

Hata hapo sheria ilikuwa kwenye karatasi tu. Kamishna wa data wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, mwaka mzima baadaye. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi za Huduma zilitolewa bila kwanza kupima hatari kwa taarifa za watu, jambo ambalo sheria ya 2019 inalitaka. Kanuni za utekelezaji zikaanza kufanya kazi 2022, na Julai mwaka huo ofisi na kampuni zinazoshika data zikaanza kutakiwa kujiandikisha. Maisha Namba ilipokuja mwishoni mwa 2023, mahakama ikaisimamisha kwa muda kabla haijaendelea.

Utaniuliza, haya yananihusu nini mimi mkimbizi? Yanakuhusu sana. Sheria ya 2019 haisemi "raia." Inamlinda mtu aliye Kenya ambaye taarifa zake zinashikwa. Una haki ya kuambiwa taarifa zako zinachukuliwa kwa kazi gani kabla hujazitoa. Una haki ya kuziona. Una haki ya kupinga, na kudai kosa lirekebishwe. Kwa kanuni, ukiomba kuona taarifa zako ujibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Ukiomba marekebisho, siku 14. Usiporidhika, unaweza kumpelekea Kamishna malalamiko.

Tusidanganyane lakini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga, sheria za nchi haziyabani kama zinavyobana duka, shule au shirika la kawaida. Huko unategemea sera zao wenyewe, ambazo nazo zinakupa haki ya kuona na kurekebisha. Lakini idara za serikali, mashirika mengine na kampuni za simu, hao sheria inawahusu.

Kwa mama niliandika barua. Si barua ya kuomba huruma, maana hizo tulishaandika mbili hazikujibiwa. Hii nilitaja sheria kwa jina, nikaeleza vita ya Mulele ni ya mwaka gani, nikaambatanisha ushahidi wa wazee wawili wa Fizi waliokua naye. Dada aliyeipokea pale dirishani aliisoma, akaniambia kweli kwamba hakuwahi kuletewa barua ya namna hiyo. Siku 14 zilipita. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu mwaka ulikuwa umebadilishwa: 1963.

Nanyi ndugu mnaofanya kazi dirishani, tunajua foleni ni ndefu na jua la Turkana mnalijua kama sisi. Lakini kabla ya "weka kidole hapa," semeni sentensi moja tu: kinaenda wapi, na nani atakiona. Semeni kwa Kiswahili, au kwa lugha ya huyo aliyesimama mbele yenu. Na mama akisema alizaliwa mwaka wa vita fulani, ulizeni vita ilikuwa lini. Kuna watu foleni nzima wanaojua.

Nilipomwonyesha mama karatasi mpya aliishika mbali na macho, akaitazama. Siku na mwezi havikubadilika, ni Januari 1 vilevile. "Hiyo waiache," akasema. "Miaka ndiyo nilikuwa naidai."