Kantri Iliyoikaidi Nashville

Wakenya wengi wanaompenda Jim Reeves wanaipenda Nashville ya miaka ya 1950 na 1960: sauti nyororo, violini kwa mbali, waitikiaji wa kwaya, kila kitu kimepigwa pasi. Maprodyuza kama Chet Atkins na Owen Bradley waliunda mtindo huo ili kantri iuzike hata mijini, na ikauzika kweli. Ila kampuni ya rekodi ndiyo iliyoamua prodyuza ni nani, studio ipi, hata nani apige gitaa. Mwimbaji alikuja kuingiza sauti tu.

Mwimbaji Waylon Jennings aliuchoka utaratibu huo. Mwaka 1972 aliibana kampuni yake, RCA, hadi akapata mkataba wa kujiamulia, na 1973 akatoa albamu ya Honky Tonk Heroes, karibu yote tungo za Billy Joe Shaver.

Pigo kubwa lilitoka Texas. Willie Nelson, aliyekwisha kuihama Nashville, aliingia studio moja ya Garland mwaka 1975 na bendi yake mwenyewe, si wapigaji wa kukodiwa, akatumia kama dola 4,000. Albamu iliyotoka humo, Red Headed Stranger, ni kisa cha mhubiri aliyemuua mkewe pamoja na hawara wa mke huyo, na kinasimuliwa kwa gitaa, harmonika na piano ya Bobbie, dada yake Nelson. Hakuna pambo. Wakubwa wa kampuni yake, Columbia, walidhani wameletewa rekodi ya majaribio, lakini mkataba uliwafunga mikono. Albamu ikashika namba moja kwenye chati za kantri.

Uasi nao ukageuka bidhaa: RCA ilikusanya rekodi, nyingi za zamani, ikaziita Wanted! The Outlaws (1976), albamu ya kwanza ya kantri kupata cheti cha platinamu.

Hata hivyo, ukaidi haukuishia hapo. Mwaka 1990 Uncle Tupelo, bendi ya vijana wa Belleville, Illinois, walitoa albamu ya No Depression, panki iliyokutana na wimbo wa zamani wa kundi la Carter Family. Jina hilo likaja kuwa la jarida, kisha la mtindo mzima. Lucinda Williams alihangaika miaka kadhaa, akirekodi upya na kubadili maprodyuza, kabla ya Car Wheels on a Gravel Road (1998). Kwangu hiyo inazipita zote.

Sturgill Simpson alitumia dola 4,000 zilezile kwa Metamodern Sounds in Country Music (2014). Albamu yake iliyofuata ilishinda Grammy ya kantri, lakini tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri, hazikumteua. Novemba 2017, sherehe za tuzo hizo zikiendelea Nashville, alisimama nje na gitaa akiwapigia wapita njia, Grammy yake ikiwa ndani ya kasha la gitaa.