Mhazili Kati ya Lugha Mbili: Historia ya Mawasiliano ya Ofisini Bukavu

Katika ofisi za viongozi mjini Bukavu, karatasi huandikwa kwa Kifaransa, ilhali mwananchi anayefika mlangoni aghalabu husema Kiswahili au Mashi. Anayeunganisha pande hizo mbili ni mhazili. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo ya kuunganisha ilivyozaliwa, na kwa nini inastahili kutazamwa kama stadi kamili ya lugha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mto Rusizi ulitenganisha tawala mbili zenye sera tofauti. Mashariki yake, Wajerumani waliendesha utawala wa ngazi za chini kwa Kiswahili; shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1892, ilitoa makarani walioandika lugha hiyo. Magharibi yake, sheria ya koloni ya Wabelgiji ya tarehe 18 Oktoba 1908 iliagiza kwamba amri kuu zitolewe kwa Kifaransa na Kiflemi. Bukavu, ulioitwa wakati huo Costermansville kwa heshima ya ofisa Paul Costermans, ukawa makao makuu ya jimbo. Kiswahili kilizungumzwa sokoni, kambini na mashambani, lakini katika majalada kilitawala Kifaransa.

Kwa hiyo karani Mkongo alisikiliza malalamiko kwa Kiswahili na kuyaandika kwa Kifaransa. Kisha akapokea amri ya Kifaransa na kuitamka kwa Kiswahili. Kazi hiyo nzito haikumpandisha cheo: mfumo mmoja wa utumishi kwa Waafrika na Wazungu ulipatikana mwaka 1959 tu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, waliokuwa makarani walishika madaraka. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta Stanleyville. Wakuu walibadilika, lugha ya karatasi ikabaki ileile. Hata katika miaka ya 1970, Zaire ilipoacha "Monsieur" na kutumia "Citoyen", mhazili alibadili salamu ya barua, si lugha yake.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Agizo hilo lilihitaji istilahi na mafunzo. Maneno kama masjala, dokezo na waraka yakawa ya kila siku, na wahazili wakapimwa kwa hatimkato ya Kiswahili, maneno 80 kwa dakika. Chuo cha Uhazili Tabora kilikuwa miongoni mwa vituo vya mafunzo hayo.

Mhazili wa Bukavu hakupata msaada wa namna hiyo, na pengo hilo huonekana katika neno moja. Kifaransa hutofautisha "inviter", kualika, na "convoquer", kuita kwa amri. Kiswahili cha mdomoni kinaweza kusema "unaitwa" kwa yote mawili. Mjane aliyeomba kusikilizwa kuhusu kiwanja chake, akiambiwa tu kwamba anaitwa na mkubwa, anaweza kudhani ameshtakiwa, asifike, na haki yake ikapotea. Mhazili mwenye stadi humwita "mama", humweleza sababu ya wito, humwambia ni karatasi gani azilete, kisha huhakikisha kwamba ameelewa. Kwa kiongozi naye, hufikisha lalamiko bila kulipunguza makali wala kuliongezea chumvi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa la Kongo, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kati ya hadhi hizo mbili ndipo mhazili anapofanya kazi. Tafsiri zake za mdomo hazihifadhiwi katika jalada lolote. Kinachobaki ni saini ya kiongozi. Hivyo basi, uchunguzi wa Kiswahili cha utawala Kivu ukiishia kwenye nyaraka utakiona Kifaransa peke yake. Kiswahili hicho kinapatikana mlangoni, kwa yule anayepokea wageni.