Haidrojeli: Punje inayobeba maji na udongo unaoipunguzia nguvu

Haidrojeli ni polima, yaani molekuli ndefu zilizofungamana mithili ya wavu, ambayo hunyonya maji na kuvimba pasipo kuyeyuka. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya nepi za watoto na baadhi ya sodo. Ndizo pia punje ambazo wakulima huuziwa wazichanganye na udongo wa miche. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois, walitengeneza aina mojawapo kwa wanga wa mahindi.

Punje za nepi hutokana na asidi ya akriliki na sodiamu. Za shambani mara nyingi hutumia potasiamu. Punje ikiwa kavu, minyororo yake hujikunja. Ikiloa, ioni za madini hayo huachana na minyororo, nayo hubaki na chaji hasi. Chaji za aina moja husukumana, hivyo wavu hutanuka. Ioni nazo, kwa kuwa haziwezi kutoka wavuni, huvuta maji zaidi kwa njia ya osmosisi, hadi viungo vya wavu vinapokataa kunyooka zaidi.

Maji hayo hayashikwi kwa namna moja. Yaliyoambatana na minyororo hayagandi hata kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Yaliyo mbali nayo hubaki huru, na ndiyo hasa yanayofaidi mizizi.

Mkulima wa Kisii au Nyamira ana sababu ya kusoma maandishi ya pakiti kwa makini. Uwezo wa kunyonya maji mara mia kadhaa ya uzito wa punje ni wa maji safi. Chumvi hupunguza mvuto wa osmosisi, na kalsiamu hufanya zaidi: hushika minyororo miwili kwa pamoja na kuubana wavu. Kalsiamu imo katika mbolea ya CAN, na imo katika chokaa inayotumiwa kupunguza asidi ya udongo wa eneo hili. Asidi yenyewe huondoa sehemu ya chaji ya minyororo.

Isitoshe, eneo hili hupata wastani wa zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Kwa shamba zima la mahindi, samadi ni nafuu zaidi. Punje zina nafasi kwenye vitalu na mashimo ya miche, hasa Januari, jua linapokaza. Kabla ya kununua nyingi, loweka kijiko kimoja katika maji ya mvua na kingine katika maji yenye CAN, kisha ulinganishe asubuhi.