Ngazi ya David Blackwell

Tunapojadili upandishaji vyeo vyuoni, huwa tunahesabu machapisho, shahada na miaka ya utumishi. Ni nadra kuuliza ni nani aliyezuiwa hata kuikaribia ngazi yenyewe. Kila ninapopewa jalada la mwenzangu nilifanyie tathmini, humkumbuka mwanahisabati David Blackwell, Mmarekani Mweusi.

Blackwell alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huohuo alipokelewa katika Taasisi ya Masomo ya Juu iliyoko mjini Princeton. Ilikuwa desturi watafiti wa taasisi hiyo kupewa uanachama wa heshima katika Chuo Kikuu cha Princeton. Kwa Blackwell, uongozi wa chuo ulipinga kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1942 mtaalamu wa takwimu Jerzy Neyman alitaka aajiriwe Berkeley. Ubaguzi ukaizima nia hiyo.

Akijua mlango upi ungefunguka, Blackwell aliandika barua za maombi kwa vyuo vya Weusi zaidi ya 100. Alifundisha Southern, kisha Clark, na mwaka 1944 akajiunga na Howard, Washington. Kufikia 1947 alikuwa profesa kamili na mkuu wa idara ya hisabati. Aliporuhusiwa kuikanyaga ngazi, miaka 3 ilimtosha kufika juu.

Berkeley ilimwita mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikampa uprofesa kamili. Mwaka 1965 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa juhudi. Mimi hukisoma kama hati ya deni. Chuo kilichomkosa kwa miaka 12 hakikupata mtu bora zaidi mwaka 1954. Kilimpata yuleyule, akiwa amekwisha kujengwa na wengine. Na Blackwell ndiye aliyefika. Waliokata tamaa getini hatuna majina yao.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoketi katika kamati za ajira na vyeo, mnapomkataa mwombaji, andikeni sababu zenu, naye apewe azisome. Sababu isiyoweza kuandikwa haistahili kumzuia mtu.